Geuza Kwanza: Kukagua, Kusafisha na Kuuza Samani, Vyombo vya Kauri na Vichezeo vya Zamani Arusha na Moshi

Kabati la mninga la miaka ya 1930 likipatikana Moshi, safari yake ya kwanza huwa ni kwa fundi. Linapigwa msasa, sendingi sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao), kisha vanishi ya kung'aa. Linarudi limependeza, lakini sehemu kubwa ya thamani yake kwa mkusanyaji imebaki sakafuni karakana pamoja na unga wa msasa. Mkusanyaji hununua ushahidi: alama za msumeno nyuma ya ubao, mhuri chini ya sahani, rangi ya kiwandani kwenye kigari cha chuma. Ndiyo maana kazi yote iliyoelezwa hapa inaanza na jambo lilelile: geuza, soma, ndipo uamue kama kuna cha kusafisha.

Tarehe zinazokubalika huku kwetu

Historia ya mahali ndiyo chujio la kwanza la uongo. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Muuzaji akikwambia kabati zito la vioo lilishushwa stesheni ya Arusha mwaka 1915, hakukuwa na stesheni ya kulishushia. Wajerumani waliondolewa Moshi na Arusha Machi 1916, kwa hiyo samani zao zipo ila si nyingi. Vingi vinavyoitwa "vya Mjerumani" ni vya wakati wa Mwingereza, na sehemu kubwa ilitengenezwa hapahapa na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika kwa mninga, mvule, mkangazi au kamfa ya Kilimanjaro. Kuna pia mabaki ya nyumba za walowezi wa kahawa na mkonge, Wagiriki wakiwemo, na vitu vichache kutoka kambi ya wakimbizi wa Poland iliyofunguliwa Tengeru mwaka 1942. Makasha ya misumari ya shaba yalipanda huku na wafanyabiashara kutoka Pwani. Vichezeo vya Ulaya hutoka kwenye nyumba hizohizo, na siku hizi hutoka zaidi kwenye marobota ya mitumba. Anayevitafuta azungukie masoko ya Memorial na Kiboriloni mjini Moshi siku marobota yanapofunguliwa, asubuhi, kabla wachuuzi hawajavigawana.

Kwa samani, msimu mzuri ni Desemba. Wachagga wengi wanakuwa wamerudi nyumbani, nyumba za wazee zinafanyiwa usafi, na wenye mali wote wako pamoja. Hilo la mwisho lina uzito kuliko bei. Kijana anayekuuzia kiti cha marehemu babu kabla ukoo haujakaa kikao anakuuzia ugomvi. Salimia, eleza shida yako wazi ("Shikamoo bibi. Naomba ruhusa nilitazame hili kabati kwa nyuma"), na mkikubaliana andikianeni hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho, maelezo ya kitu na picha yake, mashahidi wakiwemo, ikiwezekana na sahihi ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda siku mtu mwingine wa familia atakapodai kitu kiliibwa, na mkusanyaji makini ataiomba.

Mkoba wa ukaguzi

Hauna gharama kubwa: tochi ndogo yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuza mara 10, futi ya chuma, sumaku (ya spika mbovu inatosha), tochi ya mwanga wa zambarau ile ya kukagulia noti, pamba za masikio, chupa ndogo ya spiriti ya bluu na kitambaa cheupe cha pamba. Ongeza brashi laini ya inchi 1 ambayo haijawahi kuguswa na rangi.

Samani: ndani na nyuma

Toa droo zote, zipange chini kwa mpangilio uleule, kisha lisogeze kabati mbali na ukuta.

Miongozo mingi ya Ulaya inasema viungo vya droo vilivyokatwa kwa mkono, vile vya meno yanayofungamana kama vidole, ni dalili ya kitu cha kabla ya viwanda. Hapa kanuni hiyo itakupoteza. Mafundi wa Arusha wanakata viungo hivyo kwa mkono hadi leo, na mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono misituni miaka mingi baada ya Ulaya kuacha. Kazi ya mkono inakueleza namna kitu kilivyotengenezwa, haikutajii mwaka. Tafuta mambo mengine.

Anza na skrubu. Skrubu za kichwa cha nyota zilianza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1930, na zilichukua muda kuenea duniani. Ikiwa bawaba moja tu ina nyota na zilizobaki zina mfereji mmoja, hapo pana matengenezo. Ikiwa zote ni nyota na matundu yake hayana tundu jingine la zamani pembeni, kabati hilo si la kabla ya Vita vya Pili. Angalia pia mbao za mgongo. Plaiwudi si kosa kwa kabati la miaka ya 1940, lakini chipubodi ilianza kuenea baada ya vita hivyo, na ikikutwa kwenye kitu cha "kabla ya vita" basi au imebadilishwa au muuzaji anajaribu bahati.

Kwa meza ya duara ya mbao nzima, pima kipenyo mara mbili: kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kwa kuzikata. Mbao hupungua upana kadiri inavyokauka, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Meza ya mita 1 iliyokaa miongo mingi inaweza kuwa na tofauti ya milimita 5 hadi 10. Vipimo vikilingana kabisa, au ni mpya, au imerandwa upya ukingoni, au juu yake ni plaiwudi yenye vinia (ganda jembamba la mbao nzuri).

Halafu fuata uchakavu kwa akili ya mtumiaji. Kiti huliwa kwenye ubao wa mbele wa chini ambako watu huweka visigino, kwenye ncha za mikono, na chini ya miguu. Droo huliwa kwenye kingo za chini zinazoteleza, na reli inayozibeba hulika mahali palepale. Droo yenye kingo zilizoisha juu ya reli nzima isiyo na mfereji ni dalili kwamba kimoja kati ya hivyo kimetoka kwingine. Makabati ya vipande viwili, juu vioo na chini droo, huoanishwa hivyohivyo mara kwa mara: linganisha aina ya mbao za mgongo, unene wake na rangi yake kabla hujaamini kwamba vilizaliwa pamoja.

Kuzeesha mbao mpya si jambo geni. Hutumika chai nzito, kahawa, pamanganeti au polishi ya viatu. Loanisha pamba ya masikio kwa maji, sugua sehemu iliyojificha ndani ambayo haikuwahi kupakwa kitu. Mbao iliyobadilika kwa hewa na miaka haitoi rangi, iliyopakwa hutoa. Tazama pia usawa wa weusi: uzee wa kweli hauko sawa, sehemu iliyofunikwa na droo huwa nyepesi kuliko ukingo ulioguswa na mikono.

Matundu ya bungua yanastahili lenzi. Mdudu hutoka kwa tundu la duara la milimita 1 hadi 2. Ukiona mifereji mirefu iliyofunguka juu ya uso wa mbao, ujue mbao hiyo ilipasuliwa au kurandwa baada ya kuliwa: ni mbao kuukuu iliyotengenezewa kitu kipya. Hiyo ndiyo dalili ambayo waghushi wengi huisahau.

Kasha la misumari ya shaba lina ukaguzi wake. Pitisha sumaku kwenye kila bati na kila kichwa cha msumari. Shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa. Misumari michache ya chuma inaweza kuwa ya matengenezo, ila bati zima likivutwa, pambo hilo ni la juzi. Fungua kifuniko, tazama upande wa ndani ambako ncha za misumari zimetokeza au kukunjwa: pembeni mwa kila ncha pawe na kivuli cha uchafu wa miaka, na nafasi kati ya msumari na msumari zisiwe sawa kama za mashine. Misumari inayomeremeta ndani huku nje imefifia, kuna mtu aliyeipigilia hivi karibuni. Makasha mengi yana kisanduku kidogo upande mmoja wa ndani, na chini yake droo za siri. Bonyeza na vuta taratibu, usilazimishe kwa bisibisi.

Mwisho, jua kilichopakwa juu. Sehemu iliyojificha, gusa kwa pamba yenye tone moja la spiriti. Ikianza kunata ndani ya sekunde kadhaa, hiyo ni polishi ya zamani ya lak inayoyeyuka kwa spiriti. Isipoguswa, ni vanishi ya mafuta au ya kisasa. Gizani, tochi ya zambarau huipa lak mwanga wa rangi ya chungwa, na sehemu zilizopakwa upya zitaonekana kama viraka. Lak ya asili ikiwa nzima, hata kama imechakaa, usiiguse kwa msasa kwa hali yoyote.

Kusafisha mbao bila kuiua

Vumbi kwanza, kwa brashi, kutoka juu kwenda chini. Kisha lita 1 ya maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo. Chovya kitambaa, kikamue hadi kisidondoke hata tone, futa eneo la viganja viwili, kausha papo hapo, hamia jingine. Vinia iliyoinuka isiguswe na maji kabisa. Uchafu mweusi wa nta na jasho la mikono ukibaki, tumia pamba yenye tapentaini kidogo na ubadilishe pamba kila inapochafuka. Ukiona pamba inachukua rangi ya kahawia-nyekundu badala ya kijivu, umeshaanza kuondoa polishi yenyewe. Acha.

Nta ya kumalizia unaweza kuitengeneza: gramu 100 za nta ya nyuki (ya Kondoa au Tabora hupatikana kwa wauza asali) kwa mililita 200 hadi 250 za tapentaini. Kwangua nta, iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, toa kwenye jiko na uzime moto, ndipo uongeze tapentaini. Mvuke wake unawaka. Ikipoa iwe laini kama siagi. Paka nyembamba mno, subiri dakika 20 hadi 30, sugua kwa kitambaa kikavu. Watu hupaka nyingi wakidhani wanailisha mbao. Inayozidi hubaki juu, hunata, hukusanya vumbi la kiangazi la Moshi, na baada ya mwaka kabati linakuwa na ukungu wa kijivu.

Alama nyeupe ya kikombe cha moto ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi na mara nyingi hutibika. Alama nyeusi ni maji yaliyofika kwenye mbao, na kuiondoa kunahitaji asidi na mkono uliozoea. Iache, iandike kwenye maelezo ya mauzo.

Kiungo kilicholegea kisipigwe msumari. Samani za zamani ziligandishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa maji ya moto na siki kidogo. Gundi nyeupe ya dukani haishiki vizuri juu ya mabaki yake, ndiyo maana kiti kinachogandishwa kila mwaka hulegea kila mwaka. Ondoa gundi yote ya zamani kwanza, kausha siku 2, ndipo ugandishe na kubana kwa saa 24.

Hali ya hewa nayo isipuuzwe. Kasha lililokaa Tanga au Bagamoyo likipandishwa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hupoteza unyevu na hupungua. Kifuniko kinaweza kupasuka na bawaba kukaza. Liweke chumba chenye kivuli, mbali na dirisha la jua, kwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kutengeneza chochote. Ufa unaozibwa wiki ya kwanza hufunguka tena pembeni, au ukija msimu wa masika, mbao inavimba na kusukuma kile ulichozibia.

Bungua

Matundu peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni unga mpya, mweupe au wa rangi ya mbao mbichi. Fagia, weka karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki 3. Unga ukidondoka, kuna uhai ndani. Kitu kidogo (kigoda, kisanduku, kichezeo cha mbao) kifungwe ndani ya nailoni mbili, hewa itolewe, kiingie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14, kisha kiachwe ndani ya nailoni ileile kwa saa 24 baada ya kutoka ili unyevu utue juu ya nailoni badala ya mbao. Kikubwa kinahitaji dawa yenye permethrini au boroni, kwa brashi, upande usiopakwa polishi, glavu na barakoa vikiwepo. Oili chafu ya gari, ambayo hutumika sana kwa nguzo dhidi ya mchwa, isiletwe karibu: huingia ndani ya mbao, haitoki tena, na harufu yake peke yake inafukuza mnunuzi. Mafuta ya taa hayafiki kwenye mayai na yanakuachia kabati linalowaka haraka.

Vyombo vya kauri na vya udongo

Geuza sahani, lakini usianze na mhuri. Anza na mguu wa chombo, ile duara inayokaa mezani. Kwenye chombo kilichotumika, duara hiyo ina mikwaruzo ya kila upande na uchafu uliokaa. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, imepigwa msasa. Halafu inua chombo mbele ya tochi. Kauri ya kweli hupitisha mwanga, na kivuli cha vidole huonekana upande wa pili. Chombo cha udongo mweupe hakipitishi. Kiweke juu ya vidole vya mkono mmoja na ukigonge kwa kucha: mlio mrefu ni uzima, mlio mfupi mzito ni ufa, hata kama huuoni.

Sasa mhuri. Kosa la kwanza la wanunuzi ni kusoma mwaka ulioandikwa kama mwaka wa kutengenezwa. "1759" chini ya Wedgwood ni mwaka kampuni ilipoanzishwa. Sahani yenyewe inaweza kuwa ya miaka ya 1980. Jina la nchi ni kiashiria bora. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia kule kuandikwa nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuandika "England", "Germany" na kadhalika kuanzia 1891. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. "W. Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Alama ya almasi ya usajili wa Uingereza ilitumika 1842 hadi 1883. Baada yake zikaja namba zinazotanguliwa na "Rd No", kuanzia 1884. Namba iliyo chini ya 350,000 ilisajiliwa kabla ya 1900, ila hiyo ni tarehe ya mchoro, na mchoro unaopendwa hutengenezwa kwa miongo. Kikiandikwa kwamba kinafaa kwa maikrowevu, hakuna haja ya lenzi.

Huku kwetu tazama sana vyombo vya Maastricht, Uholanzi: Petrus Regout, ambaye kiwanda chake kilianza 1836 na mhuri wake una sanamu ya sfinksi (mwili wa simba, kichwa cha mtu), na Société Céramique. Viwanda hivyo viliuza bakuli na sahani za rangi za kugongeshwa kwa sponji kwa wingi Afrika Mashariki, na bakuli hizo bado zimo makabatini kwa familia zenye asili ya Pwani. Kwa miaka mingi zilionekana vyombo vya kawaida tu, ndiyo maana nyingine zilitobolewa zikawa vyungu vya maua.

Tafuta matengenezo gizani kwa tochi ya zambarau: gundi na rangi za kisasa hung'aa tofauti na glezi (utando wa kioo juu ya chombo) inayozizunguka. Kingo za sahani, mashikio ya vikombe na mdomo wa birika ndiyo sehemu za kwanza. Ukikuta chombo kilichoshonwa kwa vikuku vya chuma upande wa nyuma, usivitoe. Hiyo ni kazi ya mafundi wa zamani, na wapo wanaokusanya vyombo hivyo kwa sababu yake.

Kuosha: beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, tone 1 la sabuni, chombo kimoja kimoja, na pete za vidole zivuliwe. Chombo cha udongo chenye nyufa ndogo za glezi kisilowekwe, kwa sababu maji husukuma uchafu chini ya glezi na doa linakua. Mistari ya dhahabu isisuguliwe hata kwa kidole. Majivu, limau, steli waya vyote marufuku. Jiki ndiyo mbaya kuliko zote, maana matokeo yake huchelewa: chumvi zake hubaki ndani ya udongo, hugeuka fuwele, na baada ya miezi glezi inaanza kubanduka kama magamba. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au maji ya betri (hakikisha ni maji, isiwe asidi inayouzwa rafu hiyohiyo). Maji ya visima vingi vya Arusha na Meru yana madini mengi, hii fluoridi tunayoijua wote ikiwemo, na yakikaukia juu ya chombo huacha utando.

Kwa kula, chombo cha zamani chenye michoro iliyokwanguka au glezi iliyochanika kisitumike, hasa kwa vyakula vyenye siki, limau au nyanya. Glezi na rangi nyingi za zamani zina risasi. Mwambie mnunuzi hivyo kabla hajauliza.

Vichezeo

Gari dogo la chuma, soma tumbo. Dinky Toys zilitengenezwa na kampuni ya Meccano, Liverpool, kuanzia 1934, na kiwanda kilifungwa 1979. Matchbox ni za kampuni ya Lesney, kuanzia 1953. Magurudumu ya kuteleza haraka, Superfast, yalikuja 1969, na wakusanyaji wengi hupendelea ya kabla ya hapo. Corgi zilianza 1956, zikajitangaza kwa kuwa na madirisha. Kwenye vya bati, "Made in Occupied Japan" ni ya kipindi cha kukaliwa kwa Japani kilichoisha 1952.

Gari la kiwandani limefungwa kwa ribiti zilizogongwa. Ribiti zilizochimbwa na kuwekewa skrubu zina maana kwamba lilifunguliwa, na karibu kila mara likapakwa rangi upya. Rangi mpya hujaza herufi za tumboni na kuziba pembe kali za milango. Boksi likiwepo, bei huweza kuzidi mara mbili, kwa hiyo boksi nalo hughushiwa: karatasi ya kisasa hung'aa buluu chini ya tochi ya zambarau, ya kabla ya Vita vya Pili haing'ai hivyo. Uzi wa kushonea dubu wa manyoya hupimwa vivyo hivyo. Dubu wa kampuni ya Steiff alianza kuvaa kitufe sikioni mwaka 1904, ila kitufe kinaweza kuhamishwa. Angalia kama manyoya chini yake yamebanwa kwa miaka.

Usipake rangi kichezeo kilichokwanguka. Usikioshe kwa maji: ekseli zinashika kutu na stika zinabanduka. Brashi kavu, kisha pamba yenye unyevu kidogo, basi. Kwenye magari ya kabla ya Vita vya Pili angalia nyufa nyembamba na uvimbe. Zinki iliyotumika kuyatengeneza ilichanganyika na risasi kidogo kiwandani, na inajiharibu yenyewe kutoka ndani. Haina dawa, wala haiambukizi gari la jirani kama wengine wanavyoamini. Mnunuzi aambiwe, bei ishuke.

Kichezeo cha ufunguo kisivutwe hadi mwisho. Mizunguko 2 inatosha kujua kama springi iko hai. Cha betri, fungua kibanda. Utando mweupe wa betri za alkalini unaondoka kwa pamba yenye tone la siki, kisha pamba ya maji, kisha kukausha.

Mwanasesere mwepesi mno mwenye harufu ya kafuri akipashwa joto la kiganja ni wa seluloidi. Seluloidi inawaka kwa kasi ya kutisha, na mvuke wake ukizeeka huharibu vitu vya jirani. Mhifadhi peke yake, penye hewa, na usijaribu kile kipimo cha sindano ya moto kinachosimuliwa sokoni. Barbie wa marobota ya mitumba mara nyingi wana "1966" mgongoni, na hapo bei hupandishwa papo hapo. Ni tarehe ya umbo la mwili, lililotumika kwa miongo kadhaa. Hadithi ya Wedgwood ileile.

Magari ya waya na ya makopo yaliyotengenezwa na watoto wetu wenyewe yana wanunuzi pia. Hayo andika jina la mtengenezaji kama linajulikana, kijiji na mwaka, kwa sababu hayana mhuri mwingine. Kichezeo chochote chenye rangi ya zamani kisiwe cha mtoto anayeweka vitu mdomoni.

Kufunga na kusafirisha

Sahani husafiri zimesimama kwa ukingo, hazilazwi. Kila moja ifungwe karatasi laini nyeupe kwanza, gazeti baadaye, maana wino wa gazeti huhamia. Boksi ndani ya boksi, na sentimita 5 za kujaza pande zote. Tikisa, kukisikika kitu, fungua uanze upya. Kwenye kirikuu au Canter, droo zitolewe, milango ifungwe kwa kitambaa, blanketi litangulie kabla ya nailoni. Nailoni ikigusa polishi ya lak moja kwa moja kwenye jua la barabara ya Moshi kwenda Arusha, hung'ang'ania na kuondoka na ngozi yake. Kiti kibebwe kwa kushika fremu ya makalio, kamwe si mikono.

Maelezo ya mauzo na sheria

Picha 10 hivi kwa mwanga wa asubuhi bila flashi: mbele, nyuma, chini, ndani, mhuri, na kila kasoro kwa karibu. Vipimo kwa sentimita. Taja mbao kama una uhakika, vinginevyo sema "mbao ngumu ya rangi ya kahawia". "Ya zamani" na "ya mtindo wa zamani" ni bidhaa mbili. Forodha kimataifa huhesabu kitu kuwa antiki kikipita miaka 100.

Pembe za ndovu zilizopachikwa kwenye kiti cha enzi au kisanduku, na magamba ya kasa aitwaye ng'amba, ni kesi. Usinunue, usisafirishe, hata kama ni kipande cha ukubwa wa ukucha na hata kama muuzaji anasema ni mfupa. Mpingo upo kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu 2017, kwa hiyo anayepeleka nje ya nchi aulize vibali mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, vitu vya kimila, na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Hivyo havitoki nchini bila leseni, na maombi yanaanzia Idara ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mgeni anayetaka kuondoka na mlango wa nakshi Jumamosi ijayo apewe maelezo hayo kabla ya kutoa malipo ya awali, na nakala ya hati ya mauziano iambatane na risiti ya EFD.